Sharifu Aliyemsomea Zaituni

Binti yangu Zaituni alipofika kwangu Utende, kisiwani Mafia, mwezi uliopita, na mtoto wake wa kwanza kifuani, kitu cha kwanza alichoomba hakikuwa maji ya kunywa wala ya kuoga. Aliomba pipa la taka. Mkononi alikuwa na karatasi laini iliyolowa, ameishika kwa ncha za vidole. Kwenye boti kutoka Nyamisati mzee mmoja asiyemjua alimwekea mtoto kiganja kichwani, akamsomea, akampulizia utosini. Zaituni alitabasamu kwa adabu zote nilizomfunza, na mzee alipogeuka tu, akatoa hizo karatasi zake zenye dawa akamfuta mtoto kichwa kizima kama mtu anayefuta meza ya mkahawa. "Mama, mimi sikatai dua," akaniambia. "Lakini yule mzee simjui ni nani, halafu alikuwa na mafua." Nilicheka mpaka nikashika mwimo wa mlango. Akaniuliza ninacheka nini, nikamwambia akaoge kwanza. Sauti ilikuwa yake, lakini maneno yalikuwa ya marehemu baba yake, Shomari, hasa hayo ya "simjui ni nani". Watu wa hapa husema Zaituni kafanana na mimi. Wanaosema hivyo hawakumwona Shomari mwaka ule aliozaliwa huyu binti.

Mwaka ule tulikuwa tukikaa chumba kimoja na ukumbi, nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi. Chumbani kulikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la nguo, na dirisha dogo ambalo Shomari alilitundikia kanga mbili, moja juu ya nyingine, ili macho ya watu yasipite. Habari za ukoo na za tulivyooana naziacha, wenye kuzijua wanazijua. Nitasema moja tu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa zile kanga dirishani. Kabla ya Zaituni tulipata mtoto wa kiume. Alikuwa mnene, mcheshi, akikaa barazani kwenye mapaja ya baba yake na kumchekea kila apitaye, na kila apitaye akimsifia. Halafu homa ikaja ikamchukua. Baada ya maziko wengine wakasema ni jicho. Mimi niliamini ni homa. Shomari hakusema kitu, lakini nilijua ameamini jicho. Basi nilipobeba mimba ya pili tuliogopa wote wawili, ila hofu zetu zilishika njia mbalimbali. Mimi nilitaka dua za kila mtu, nizikinge kama watu wa Jibondo, kisiwa kisicho na maji ya kunywa, wanavyokinga mvua, kwa ndoo, kwa beseni, kwa sufuria, hata kwa kikombe kilichovunjika mkono. Shomari yeye alitaka kwanza ajue mvua inatoka wingu gani.

Alikuwa dobi katika hoteli moja ya wageni hapa hapa kijijini, na kazi hiyo ilikuwa imemharibu akili kwa namna yake. Aliamini nguo haisemi uongo. Angetazama shuka akakwambia aliyelilalia ni mtu wa wasiwasi, angetazama mfuko wa suruali akakwambia mwenyewe ni bahili. Na juu ya dini alikuwa na kipimo kimoja, kola. "Mtu mwenye nongo kwenye kola," alizoea kusema, "hata akihifadhi msahafu mzima, simpi mwanangu amsomee." Mama yake alimwambia kwa kipimo hicho hata masahaba wangeshindwa, maana jangwani sabuni ilikuwa haba. Shomari alisema masahaba hawajaomba kumsomea mwanawe.

Majaribu yalianza saa ile ile Zaituni alipozaliwa. Aliyenizalisha alikuwa nesi wa kutoka bara, Mkristo, binti mpole mwenye mikono ya joto. Alimviringisha mtoto kwenye kanga, akamwekea mkono kichwani, akafumba macho, akaomba kwa jina la Yesu, polepole, kwamba mtoto huyu akue, awe na afya, na awape wazazi wake furaha badala ya machozi. Sikuwa nimemwambia habari za machozi. Nadhani aliyaona mwenyewe. Nikaitika amina, na niliikusudia. Shomari, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji, naye akaitika amina kwa sauti nzuri kabisa, kwa sababu hapa kwetu mtu akiomba heri mbele yako ukanyamaza umemkosea. Njiani ndipo alipoanza kujikuna. Tulipofika nyumbani hata viatu hakuvua.

"Mama," akamwuliza Bi Mwanaidi, "mtu akiitika amina kwa kusahau, inahesabiwa?"

"Inahesabiwa."

"Haiwezi kurudishwa?"

"Amina si sahani ya jirani hata irudishwe. Yule binti kamtakia mwanao afya. Wewe ulitaka amtakie nini?"

Wiki ile ile ukaja mtihani mwingine. Hotelini kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu, mgeni wa kila mwaka, aliyesikia kwamba dobi kapata mtoto. Alimfumia kofia ya sufu, akamwambia Shomari kwamba alisali kila alipopiga fundo. Kofia ya sufu, katika joto la Mafia. Shomari aliifua mara tatu, akaianika juani, akaigeuza ndani nje, akaitazama kama anayetafuta sala zilipojificha. Kuitupa aliona haya, kumvisha mtoto hakuthubutu. Mwisho aliivisha birika la chai, na ikalienea vizuri. Kwa muda mrefu sana baada ya hapo chai ya nyumba yetu haikupoa, nami nikasema moyoni kwamba dua za yule bibi zimefika, ila zimeteremkia nyumba ya pili.

Majirani nao walikuja. Wenye kujua mambo walimtukana mtoto kama inavyopasa: lo, kitoto gani hiki, pua imelala, kichwa kirefu, mama yake kala nini. Huku chini ya ulimi wanasema mashallah. Hao Shomari aliwapenda sana, na aliyetukana vizuri zaidi aliongezewa chai. Lakini aliyesema "mtoto mzuri" akaishia hapo, Shomari alimsimamia kando, hasemi, hapepesi, mpaka mgeni ajitambue aongeze mashallah. Mama mmoja aliyekuja na haraka zake ilibidi asindikizwe hadi njiani, Shomari nyuma yake, mpaka akaisema akiwa amekwisha kata kona.

Sasa tende. Kwetu mtoto akizaliwa hutafutwa mtu mwema, mcha Mungu, akatafuna tende akampaka mtoto kidogo kwenye kaakaa na kumwombea, na wazee husema mtoto huchukua tabia ya mtu huyo. Kwa kawaida jambo hili humalizwa siku zile zile za mwanzo. Sisi tulikaa na tende zetu kwenye kibakuli mpaka zikakauka, tukanunua nyingine. Imamu wa msikiti alikataliwa kwa sababu ya ugoro, maana Shomari alimwazia binti yake akipiga chafya maisha yake yote. Mwalimu wa madrasa alikataliwa kwa ukali. Mjomba wangu, mtu wa watu, alikataliwa kwa sababu hana siri. Arobaini ikafika, ubani ukafukizwa, mtoto akanyolewa, na Shomari akasema hatoki. "Hatoki mpaka asomewe na mtu nitakayemridhia." Na mtoto asipotoka, mama yake atatokaje? Nilikaa ndani ya joto lile nikilisikiliza kijiji kupitia kanga mbili. Niliwasikia wanawake wakienda kwenye mwani na wakirudi. Nilisikia ugomvi ukianza asubuhi na wenye nao wakipatana alasiri, wala sikuwahi kujua uliletwa na nini. Nilisikia harusi nzima, tangu mikeka kukung'utwa kunguni mpaka bibi harusi kulia.

Joto ningelivumilia. Kilichonitia hofu ya kweli ni kwamba Shomari alikuwa hajampakata mwanawe hata mara moja. Alimfulia nepi kwa mikono yake, akazipiga pasi, akazikunja kwa pembe kama vitambaa vya mezani vya hotelini. Alisimama mlangoni akimtazama, mikono nyuma. Nikimnyooshea, husema ana jasho, ana harufu ya sabuni, ana hili, ana lile. Mwenzake yule wa kwanza alimpakata mbele ya ulimwengu mzima. Nilielewa, na kuelewa hakukunisaidia. Niliona binti yangu atakua akijua kwamba nje kuna watu wabaya na ndani kuna baba asiyemgusa, na niliapa moyoni kwamba hilo sitalikubali, ingawa sikujua nitalipinga vipi.

Ndipo Alhamisi moja, kabla ya adhuhuri, Shomari akarudi kutoka kazini mbio, povu la sabuni bado limo kwenye viwiko. "Mama! Wekeni wali," akasema. "Nimemwona mtu." Alikuwa amekutana njiani na mgeni, mtu mzima, kanzu nyeupe ambayo yeye, dobi, hajawahi kuona weupe wake, kola safi mpaka ndani. Na si kanzu tu. Mtu yule alikuwa anakwenda macho yameinamia chini, midomo inacheza, vidole vinahesabu kimoja baada ya kimoja, yumo kwenye uradi. Shomari alimsalimu, mtu akainua kidole kimoja kwanza, akamaliza alichokuwa akikisoma, ndipo akaitikia. Na alinukia. Shomari alifumba macho alipokuwa akituambia jinsi alivyonukia. "Huyu ni sharifu," akasema. "Huyu ana damu ya Mtume." Alikuwa amekwisha mbusu mkono na kumkaribisha, na mgeni alikuwa anakuja nyuma taratibu.

Kuku aliyekuwa akitaga alichinjwa. Nikapika wali wa nazi kwa pupa, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine ukimbembeleza mtoto. Mgeni aliketi ukumbini, mtulivu, mwenye tumbo la heshima, akatutazama kwa mshangao kidogo tulivyombusu viganja mmoja baada ya mwingine. Alikula vizuri. Hakusema chochote mpaka katikati ya sahani, hapo akatulia, akatafuna, akasema kwa upole, "Tui zito mmelitia mapema. Lingesubiri mwisho." Bi Mwanaidi akanivutia pembeni akaninong'oneza kwamba hilo ni fumbo, kwamba sharifu ameona ninataka kumwanzishia mtoto uji kabla ya wakati wake. Mimi niliyepika nilijua kwamba hakuna fumbo hapo, tui lilikuwa limekatika. Lakini sharifu akikukosoa tui huna la kusema, nikainamisha kichwa.

Baada ya kunawa tukamleta mtoto na tende kwenye kisahani. Mgeni alitazama tende, akamtazama mtoto, akatutazama sisi. Bi Mwanaidi akamwambia amtilie kinywani, basi akatafuna, akampaka kaakaani kwa ncha ya kidole, kwa wepesi, na Zaituni akaramba kwa bidii. Kisha akaweka mkono juu ya kile kichwa kilichonyolewa, akainama, akasoma kitu kifupi kwa sauti ya ndani kabisa ambacho hakuna aliyekisikia. Tukaitika amina watu watatu, na mmoja kati yetu aliitika kwa kulia. Alipokuwa akivaa makubadhi mgeni aliuliza vitunguu vinauzwa wapi, na Shomari akamsindikiza hadi dukani, akarudi akisema kwamba watu wakubwa hawaoni haya kubeba kikapu. Halafu akaja chumbani, akanyoosha mikono, akamchukua Zaituni, akatoka naye barazani mchana kweupe. Alikaa naye pale mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya raha. Kanga zikashuka dirishani. Shomari alikwenda na mtoto kila mahali, dukani, msikitini, hata hotelini akamwonyesha mashine ya kufulia. Waliomwombea mtoto njiani aliwaitikia wote, kwa sababu jengo, kama alivyosema, limekwisha pata msingi. Zaituni naye alinenepa, akinyonya kwa shauku kubwa hadi Bi Mwanaidi akasema huyu kachukua karama. Lakini mtoto akapata mafua, mafua ya kawaida tu ya kifua kukoroma, na Shomari akataka asomewe tena na mtu yule yule. Aliuliza huku na huku akaambiwa mtu wa kanzu nyeupe huonekana akielekea dago, kule ufukweni ambako wavuvi wa Kilwa hujenga vibanda vya makuti wakakaa msimu mzima. Shomari alisema bila shaka anawasomesha dini. Akajipigia pasi kanzu yake, nami nikamfunga Zaituni mgongoni, tukaenda.

Tuliisikia sauti kabla ya kumwona mwenyewe. "Nani kachukua mwiko wangu? Aliyeuchukua leo anasonga kwa mkono wake." Nyuma ya moshi, mbele ya sufuria ambayo mtu angeweza kuogea, alisimama sharifu wetu, singlendi imetoboka, kikoi kimepandishwa magotini, jasho linamtiririka. Alipotuona uso ulimchangamka. "Wenyeji wangu hao," akawaambia wavuvi waliokuwa wameketi wakitengeneza nyavu. "Ndio wale walionipa kuku."

"Sharifu?" akasema Shomari, na sauti ilikuwa ndogo sana.

Wavuvi wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Sharifu wa masufuria." Mpishi akawatuliza kwa mkono, akasema yeye ni Kibwana, mpishi wao, na ukoo wake ni wa wakulima wa muhogo.

"Na ile kanzu?"

"Tulipovuka begi langu liliingia maji ya chumvi, mashati yote yakaharibika. Kanzu nilikuwa nimeitia kwenye nailoni. Ndiyo iliyobaki."

"Ulikuwa ukivuta uradi. Kwa vidole. Nilikuona."

"Vitunguu, chumvi, viberiti, bizari, mafuta," akasema Kibwana, akikunja vidole vile vile. "Mie kuandika sijui, bwana. Nikisahau kimoja hawa wananila mie."

"Na ile harufu?"

"Hiliki. Nilipika pilau asubuhi ile."

"Sasa kwa nini ulikubali kumsomea mwanangu?"

Kibwana alimtazama kwa mshangao wa mtu asiye na hila hata kidogo. "Mlinibusu mkono, mkanilisha, mkaniletea tende na mtoto. Nilidhani ndiyo desturi ya Mafia, mgeni akishiba amwombee mtoto wa nyumba. Nikasema moyoni, desturi nzuri hii, nikirudi kwetu nitawaambia."

"Ulisoma nini?"

Hapo Kibwana alitazama chini, akafuta mikono kwenye kikoi. "Chuoni sikukaa sana. Niliisoma ile ninayoisoma kila siku, ambayo najua sitaikosea. Ile ya kula."

Mvuvi mmoja alicheka, mwenzake akampiga kiwiko. Mimi mwenyewe kicheko kilinipanda hadi kooni, lakini nilimtazama mume wangu kikashuka. Alikuwa amebadilika rangi. Alinyoosha mkono kunishika bega, akasema, "Turudi. Mtoto arudi ndani." Alisema kwa utulivu, na ule utulivu ndio ulionitisha, maana niliziona zile kanga mbili zikitundikwa upya, na mikono yake ikirudi nyuma ya mgongo, safari hii kwa miaka. Nikakaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamfungua Zaituni mgongoni, nikamweka mapajani mbele ya watu wote wale wageni.

"Sirudi ndani, baba Zaituni."

"Hujasikia alichosema? Mtoto hakusomewa. Kasomewa ya ubwabwa."

"Mwenzake alisomewa na wenye kujua," nikamwambia. "Walimsomea vizuri. Hakuna aliyekosea hata herufi."

Hatukuwahi kulisema hilo, mimi na yeye, tangu siku ya maziko. Nikamwambia anieleze basi maana ya hiyo dua ya kula, yeye aliyekaa chuoni. Akasema kwa hasira kwamba hata mtoto mdogo anaijua. "Ewe Mola, tubariki katika hicho..." Akakwama. Zaituni alikuwa anamtazama, kamasi limemfika mdomoni, analiramba. "Katika hicho ulichoturuzuku," akamalizia, polepole, kama anayeisoma mara ya kwanza. Kisha mume wangu aliketi kwenye mchanga na kanzu yake iliyopigwa pasi, akamlilia mwanawe wa kwanza mbele ya watu asiowajua, na nililia naye.

Kibwana hakujua la kufanya, hivyo akafanya analolijua. Alipakua. Alituletea sinia la ugali na changu wa kuchemsha kwa ndimu, akamwekea Shomari mbele yake, akaondoka kwenda kumkaripia mtu habari ya kuni ambazo hazikuwa na kosa lolote. Shomari alinawa. Akamchukua Zaituni kutoka kwangu, akampangusa kamasi kwa ukingo wa kanzu yake, akamkalisha mkono wa kushoto. Wavuvi walikusanyika kuzunguka sinia wakingoja mgeni aanze. Shomari akaisoma ile dua kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho, na muda wote huo hakulitazama sinia, alimtazama Zaituni.